Mabishano ya Iguguno Juu ya Sinema ya Psycho

Iguguno ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza. Zamani ulihesabiwa katika wilaya ya Iramba. Tangu wilaya ile ilipogawanywa mwaka 2012 umo katika wilaya ya Mkalama, ambayo jina lake latokana na mahali walipojenga Wajerumani boma lao. Wenyeji ni Wanyiramba, na majirani zao ni Wanyaturu, Wanyisanzu na Wasukuma. Mazao ni mtama, uwele, alizeti na vitunguu. Lakini kitu kijulikanacho zaidi na wasafiri wapitao, ambao aghalabu hata jina la mahali hawalijui, ni kuku. Kuku wa Singida husafirishwa kwa matenga hata Dar es Salaam, na mtu aliyepata kuionja nyama yao hahitaji kuelezwa sababu. Namwomba msomaji awaweke kuku hao katika kumbukumbu, maana watarudi katika makala haya, na kurudi kwao si mzaha.

Nia yangu ni kueleza mabishano yaliyotokea Iguguno jioni mbili za Desemba, 2019, juu ya sinema moja ya Kimarekani iitwayo Psycho, kazi ya Mwingereza Alfred Hitchcock, iliyoonyeshwa New York kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni, 1960. Mabishano ya watu ishirini na kitu katika ua wa duka ni jambo dogo, nami nisingaliliandikia lolote kama lisingalikuwa na historia nyuma yake. Kwa muda wa miaka thelathini hivi wako wakubwa wa serikali ya kikoloni walioamini, wakaandika, na wakapanga kazi zao kwa imani hiyo, kwamba mtu wa shamba katika Afrika hana uwezo wa kuifuata sinema yenye mambo mengi. Imani hiyo ndiyo iliyoamua baba na babu zetu waonyeshwe nini na wafichwe nini.

Katika nchi yetu jambo hili lilianza kwa utaratibu mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara. Meja L. A. Notcutt na mwenziwe G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, walianzisha kazi waliyoiita Bantu Educational Kinema Experiment. Katika miaka miwili walitengeneza sinema zipatazo 35, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba posta, juu ya safura na malaria na kilimo cha chai, wakazipakia katika gari pamoja na mashine ya umeme na kuzionyesha katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 walitoa kitabu cha kueleza kazi yao. Si haki kuwacheka watu wale. Waigizaji wao walikuwa Waafrika, na walijitahidi kuwauliza watazamaji maoni yao, jambo ambalo wengi waliowafuata hawakulifanya. Walakini nyuma ya juhudi zile palikuwa na hofu iliyosemwa waziwazi katika miaka ile: kwamba Mwafrika akiachiwa atazame sinema za Hollywood, zilizojaa wizi na mauaji na wanawake wenye mavazi mafupi, heshima ya mzungu itapungua machoni pake. Kwa hiyo sinema ya taharuki, yaani ile imfanyayo mtazamaji azuie pumzi akingoja litakalotokea, haikuwa miongoni mwa vitu vya kupakiwa katika gari.

Baada ya hofu ikaja nadharia. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni, Colonial Film Unit, na mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha sinema vijijini huko. Sellers alifundisha kwamba kwa watazamaji wa aina yetu picha iende polepole, kamera isirukeruke, mtu akitoka katika nyumba moja na kuingia nyingine sharti aonyeshwe akitembea njia nzima, na kitu kidogo kisikuzwe kupita kadiri yake. Ikasimuliwa hadithi ya watu walioonyeshwa mbu mkubwa kama mlango wa nyumba wakasema, ah, kwetu hakuna mbu wa namna hiyo, hatuna haja ya kuogopa. Hadithi hiyo imerudiwa na watu wengi sana, kila mmoja akiiweka mahali pengine, hata mtu aanza kushuku kwamba mbu huyo alizaliwa katika chumba cha mazungumzo cha maafisa.

Hadithi ya pili ni mashuhuri zaidi. Iliandikwa na John Wilson, na Marshall McLuhan akaichukua katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichosomwa duniani kote. Watu zaidi ya thelathini katika kijiji cha Kiafrika walionyeshwa sinema fupi ya mkaguzi wa afya akifundisha kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wenye sinema hawakujua kwamba mna kuku. Wakaitazama upya picha kwa picha, na kweli, katika pembe ya chini kuku alipita kwa muda wa sekunde moja hivi. Hitimisho lililotolewa ni kwamba watu wale hawakuwa na macho ya kuitazama picha nzima. Walichunguza vipande tu.

Mimi ni mtoto wa Singida, nami hadithi hii siku zote nimeisoma kwa namna nyingine. Mtu anayetoka katika nchi ambayo kuku ni ada ya shule, ni nauli, ni mboga ya mgeni na ni akiba ya mjane, akimwona kuku wa mtu akikimbia kwa hofu, amwangalie nani? Amwangalie mkaguzi, ambaye alikwisha kumwona mara nyingi na maneno yake ameyakariri? Tena kuku yule ndiye kiumbe pekee katika sinema ile ambaye hakuambiwa la kufanya. Waliomwona waliona kitu cha kweli, na wenye sinema ndio hawakukiona.

Sitakawia juu ya miaka iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Johannesburg, African Film Productions, ilitengeneza kwa ajili ya serikali ya Tanganyika sinema chache za Kiswahili zenye hadithi, na kijana mmoja wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, akaigiza katika Muhogo Mchungu na nyinginezo, akajulikana kwa sura kabla hajajulikana kwa siasa. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Mijini, wakati huohuo, watu hawakungoja serikali iwachagulie. Katika majumba ya Unguja na Dar es Salaam walijaa kutazama sinema za Bara Hindi, kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, wasijue lugha yake lakini wakitoka barabarani wakibishana juu ya wajibu wa mama na hatia ya mwana. Na taharuki nayo ikapata kalamu ya Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mwaka uleule wa Psycho. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Katika kile cha kwanza watu wa shamba wanaona kazi ya mzimu, naye Bwana Msa anaona kazi ya binadamu. Nitairudia tofauti hiyo.

Vijijini, baada ya gari la serikali, sinema ilirudi kwa mlango wa nyuma: vibanda vya video, katika miaka ya 1980 mwishoni na ya 1990. Humo Dar es Salaam akatokea Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyesimama kando ya televisheni akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale waliyokuwa wakiyaona, na akiyatia chumvi palipohitaji chumvi. Baadaye kanda zenye sauti yake zikauzwa kila mahali. Waliolelewa na Lufufu hawaogopi kamera inayorukaruka. Nadharia ya Sellers ilifia katika vibanda vile, ingawa hakuna aliyeandika tanzia yake.

Sasa nije kwa Psycho yenyewe. Hitchcock aliitengeneza kwa gharama ya dola 800,000 hivi, fedha kidogo kwa mtu wa cheo chake, kwa picha nyeusi na nyeupe na kwa mafundi wa kipindi chake cha televisheni. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Robert Bloch cha mwaka 1959. Mwanamke mmoja, Marion Crane, karani katika mji wa Phoenix, anaiba dola 40,000 za mteja wa bwana wake ili apate kuolewa na mpenzi wake mwenye madeni. Anakimbia kwa gari, anapotea njia katika mvua, na analala katika nyumba ndogo ya wageni inayotunzwa na kijana mpole, Norman Bates, ambaye mama yake mgonjwa hukaa katika nyumba kubwa kilimani. Marion anazungumza na kijana, anajuta, anaazimu kurudi na kuzirudisha fedha. Anaingia kuoga. Mwanamke mwenye kisu anafungua pazia. Nusu ya sinema haijafika bado mbali, na yule tuliyedhani ndiye mwenye hadithi amekwisha kufa. Pale bafuni, kwa muda wa chini ya dakika moja, picha hukatwa mara zaidi ya hamsini. Kwa kipimo cha Sellers, mtu wa Iguguno hapo angepaswa kuona vurugu tupu.

Hitchcock aliamuru kwamba mtu asiruhusiwe kuingia sinema ikisha kuanza, hata awe nani. Ugomvi juu ya kazi hiyo ulianza siku zilezile. C. A. Lejeune, mwandishi wa gazeti la Observer la London, aliondoka kabla haijaisha. Bosley Crowther wa New York Times aliipokea kwa ubaridi, kisha mwisho wa mwaka akaihesabu miongoni mwa sinema kumi bora. Katika Ufaransa vijana wa Cahiers du Cinéma walimwona Hitchcock kuwa msanii wa daraja ya kwanza wakati wenzao wa Uingereza wangali wakimwona mchekeshaji wa kutisha. Na François Truffaut, aliyekaa naye siku nyingi mwaka 1962 kumhoji, alitoa mazungumzo yao kuwa kitabu mwaka 1966. Ubishi mmoja haujakoma hata leo. Mwishoni daktari wa akili anasimama chumbani na kueleza kwa maneno mengi ugonjwa wa muuaji. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliona kwamba maelezo yale yaharibu kazi iliyokuwa karibu na ukamilifu. Nami nilikuwa wa rai hiyo mpaka Desemba ile.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani likizo, na kompyuta yangu na mashine ndogo ya kutupa picha ukutani. Mjomba wangu ana duka lenye ua nyuma, na ukuta wa ua ulikuwa umepakwa chokaa upya kwa ajili ya Krismasi. Walikuja majirani: madereva wa bodaboda watano au sita, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mwenye mgahawa upande wa pili wa barabara pamoja na binti zake, kijana mmoja mnunuzi wa kuku, na mzee ambaye sote humwita babu, aliyezaliwa, kwa hesabu yake, miaka miwili kabla ya vita vya Hitler. Mimi nilikaa kando ya ukuta kama Lufufu wa bei nafuu, nikiyatia maneno katika Kiswahili. Ile amri ya Hitchcock ya kutoingia kwa kuchelewa sikuithubutu hata kuitaja. Watu waliingia na kutoka, wakaamkiana, shikamoo zikapita mbele ya ukuta. Na kila aliyeingia alielezwa na aliyekuwapo, hata nikaona kwamba hadithi inasimuliwa na watu watatu au wanne kwa mara moja, na kila mmoja asimulia yake. Mama wa mgahawa alisimulia juu ya mwanamke mwenye mashaka. Vijana walisimulia juu ya fedha.

Kisu kilipoonekana pazia, pakawa kimya. Hakuna aliyeniuliza lililotokea. Swali la kwanza lilikuwa la mama, na lilikuwa swali la haki: "Lakini si alikuwa anazirudisha?" Akalirudia mara tatu. Alisema kwamba mtunzi amemdhulumu; kama angemwua mwizi angalimwelewa, lakini amemngoja atubu kwanza. Mwalimu akamwambia, "Mama, hiyo ndiyo sanaa yake." Akajibiwa kwamba basi ni sanaa ya mtu asiye na huruma, na ubishi huo ulikuwa bado unaendelea kijana Norman alipomaliza kuosha bafu, akaiweka maiti katika gari pamoja na gazeti lililofunga fedha, asijue kilichomo, akalisukuma gari katika ziwa la matope.

Gari lilizama nusu, likasimama. Waliopata kuiona sinema hii wanalijua tukio hilo. Kijana ametulia, anatafuna, anatazama huku na huku. Ukutani kwetu pia kila mtu alitulia. Na hapo mmoja wa vijana wa bodaboda akasema kwa sauti, bila kutaka: "Zama!" Gari likazama, tukavuta pumzi, na baadhi yetu wakacheka. Babu hakucheka. Alisema, "Wajukuu zangu, mmekwisha kuwa wasaidizi wake." Wahakiki wa Ulaya na Marekani wameandika kurasa nyingi juu ya hila ile ya Hitchcock, inayomgeuza mtazamaji mshirika wa mficha maiti. Sijasoma mahali iliposemwa kwa maneno machache zaidi.

Sinema iliendelea mpaka mpelelezi akauawa ngazini, na dada wa Marion na yule mpenzi wakaenda kwa mkuu wa polisi wa mahali pale, naye akawaambia kwamba mama wa Norman alifariki na kuzikwa miaka kumi iliyopita. Kisha akauliza: kama yule aliye dirishani ni mama, aliyezikwa ni nani? Umeme ukakatika. Tulingoja saa nzima katika giza, haukurudi. Nilitaka kuwaeleza mwisho, nikakatazwa kwa ukali. Hitchcock mwenyewe asingaliweza kupanga mapumziko mazuri kuliko yale.

Usiku ule na siku nzima ya pili Iguguno ilikuwa na rai nne. Rai ya vijana wengi ilikuwa kwamba mama hai, na kaburini mmezikwa mwanamke mwingine; ndiyo rai anayoipanda Hitchcock kwa makusudi. Mwalimu alisema mkuu wa polisi ni mwongo, amelipwa. Binti mmoja wa mama wa mgahawa alisema ni mzimu, na mama yake hakumkataza. Rai ya nne haikuwa rai moja. Ilikuwa nusu mbili zilizotoka kwa watu wawili wasiokaa pamoja kwa kawaida.

Nusu ya kwanza ilitoka kwa mnunuzi wa kuku. Alikuwa ameona ndege. Katika chumba ambamo Norman alimkaribisha mwanamke chakula mna ndege waliokaushwa na kujazwa, bundi mwenye mabawa yaliyotanda, kunguru na wengine. Kijana mwenyewe asema ndiyo kazi yake ya kupitisha saa. Wengine walikuwa wamesikiliza mazungumzo. Huyu alikuwa amewahesabu ndege, na alikuwa na hakika kwamba mtu anayemweka bundi mfu mezani kana kwamba angali hai, asingeshindwa kumweka na mtu. "Mama amekufa," akasema, "lakini hajazikwa." Namwomba msomaji amkumbuke Wilson na watu wake thelathini. Ndege wale si mapambo tu. Ufunguo wa sinema nzima umo ndani yao, hata jina la Marion ni jina la ndege kwa Kiingereza, na jina la mji wake pia ni la ndege, yule wa hekaya afaaye motoni na kufufuka. Watazamaji wenye shahada hupitwa na jambo hilo mara ya kwanza. Mimi lilinipita.

Nusu ya pili ilitoka kwa babu, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Alisema: "Hakuna bibi. Kuna kijana." Tulipomwuliza kwa nini, alisema sura ya bibi haijaonekana hata mara moja, sauti yake yatoka nyuma ya ukuta daima, na kila bibi akisha kuua, anayekuja kusafisha ni kijana. "Simba wa kweli," akasema, "hasafishi mahali alipoulia."

Waliokuwa na umri walinyamaza. Vijana hawakuelewa, ikambidi aeleze.

Katika mwaka 1946 na 1947 wilaya ya Singida, hasa katika nchi ya Wanyaturu, ilipatwa na mauaji ambayo kwanza yalidhaniwa kuwa ya simba. Maiti zilikutwa na majeraha kama ya makucha. Baadaye ikabainika kwamba waliokuwa wakiua ni binadamu, wengine wakiwa wamevaa ngozi za simba, na kwamba baadhi yao walitumwa na watu wengine kwa malipo au kwa kisasi. Serikali ilileta askari. Watu wengi walikamatwa na kushitakiwa, na waliotiwa hatiani walinyongwa. Afisa mmoja wa serikali, A. W. Wyatt, aliandika habari zake katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na Harold Schneider, mtaalamu wa mila aliyekaa na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alilirudia jambo hilo baadaye akitafuta chanzo chake katika ugomvi wa ndani ya jamii yenyewe. Magazeti ya Ulaya yaliipenda habari hiyo kwa namna isiyo ya heshima, kana kwamba Singida haikuwa na watu ila wachawi. Yafaa kukumbuka kwamba katika miaka ileile huko Njombe simba wa kweli waliua watu wengi sana, mpaka George Rushby alipowawinda, na wengi huko waliamini kuwa ni simba wa kurogwa. Basi mtu wa wakati ule hakuwa mjinga kwa kutojua. Mahali pamoja simba alikuwa mtu, na mahali pengine aliyedhaniwa kuwa kazi ya mtu alikuwa simba.

Babu alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Hakuona mauaji. Alichokikumbuka ni kwamba ng'ombe walirudishwa zizini jua lingali juu, na kwamba aliwasikia wakubwa wakiulizana usiku kwa sauti ya chini, simba gani huyu anayechagua. Na alikumbuka hofu ya namna mbili: hofu ya simba, ambayo huisha mlango ukifungwa, na hofu ya jirani, ambayo huanza hapo mlango unapofungwa. Kwa maneno hayo alitueleza taharuki vizuri kuliko vitabu nilivyovisoma chuoni. Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba bomu likilipuka bila kutazamiwa ni mshangao wa sekunde chache, bali watazamaji wakijua kuwa bomu li chini ya meza, na walio mezani hawajui, ni taharuki ya dakika nyingi. Babu aliishi miaka miwili mezani.

Jioni ya pili ua ulijaa kuliko ya kwanza. Dada wa Marion aliposhuka ghalani chini ya nyumba na kukigeuza kiti, na ile sura kavu ikamtazama, mnunuzi wa kuku alipiga kofi moja tu, kwa adabu. Na Norman alipoingia mbio na kisu, amevaa gauni na nywele za bandia, vijana walimgeukia babu. Mwalimu alinong'ona kwamba huenda mzee alipata kuisikia hadithi zamani. Nilimwuliza. Alisema hajapata hata kulisikia jina la Hitchcock, na jina lenyewe akalitamka kwa shida.

Kisha akaja daktari wa akili na maelezo yake. Mwalimu alisema sawasawa na Ebert, ingawa hajamsoma: kwamba tulikwisha kuelewa, na kwamba mtu anayeeleza fumbo baada ya kufumbuliwa ni kama mwalimu anayesoma majibu baada ya mtihani, na hapo alijisema mwenyewe. Wengi walimwunga mkono. Mama wa mgahawa alitaka tu kujua kama yuko mtu aliyemwambia bwana wa Marion kwamba fedha zilikuwa zinarudi. Hakuna. Sinema haimwambii mtu yeyote. Jambo hilo tunalijua sisi peke yetu, na sikulitambua uzito wake mpaka yeye alipouliza.

Babu alitaka daktari arudiwe. Nikarudisha. Daktari asema kwamba ndani ya kijana palikuwa na wawili, kijana na mama, na sasa kijana hayupo tena, amebaki mama. Babu akauliza, "Basi wanamshitaki nani?" Mwalimu akajibu kwamba mwendawazimu hashitakiwi, hutibiwa. Babu akasema kwamba waliovaa ngozi Singida nao walisema, au ilisemwa kwa ajili yao, kwamba haikuwa hiari yao, kwamba walishikwa na watu na kulishwa dawa na kutumwa, na aliyekuwa ndani ya ngozi hakuwa yeye. Wako walionyongwa hivyo hivyo. Hakusema walinyongwa kwa dhuluma. Waliokufa walikuwa ndugu za watu. Alisema tu kwamba tangu utotoni hajapata mtu wa kumwambia kama aliyenyongwa ni yule aliyeua, au ni ngozi. Kwa ajili hiyo, kwa maoni yake, daktari yule ndiye sehemu bora ya sinema, maana ameliweka swali mezani na kuliacha pale pale, huku yule kijana amekaa chumba cha pili, amefunikwa blanketi, anatabasamu.

Mwalimu hakukubali. Alisema swali zuri halifanyi sinema nzuri, na kwamba babu ametia katika picha jambo lisilokuwamo. Huenda ana haki. Mimi nilijikuta kati: maneno ya daktari bado nayaona marefu, walakini siwezi tena kusema hayana kazi. Nimejaribu kuyatazama peke yangu baada ya hapo, nami kila mara nasikia lile swali la babu chini yake.

Picha ya mwisho kabisa ni gari linalovutwa kwa mnyororo kutoka matopeni. Vijana wa bodaboda waliinuka wote. Mmoja alisema fedha zimeoza. Wa pili akasema noti za dola hukauka. Wa tatu akataka kujua ni za nani sasa, za mteja au za serikali. Niliwaacha nikaanza kukunja waya. Mama wa mgahawa alikuwa amekwisha kuwainua binti zake na kufika barabarani, na lori la Mwanza lilikuwa linapita, kwa hiyo alilazimika kupaza sauti: "Alikuwa anazirudisha, Mwalimu!"